Joka la Manyoya Lisilo na Kwao

Ukimwambia mtu wa Waithaka, mtaa wa pembezoni mwa jiji nilikokulia, kwamba unalipwa kutafuta babu wa majoka, atakutazama kwa huruma. Mamangu alipoulizwa kanisani mwanawe anafanya kazi gani mjini, alijibu tu kwamba niko kwenye kompyuta, akabadilisha mazungumzo. Simlaumu.

Tulikuwa wawili katika chumba cha ghorofani, katikati ya jiji. Mimi niliandika historia ya ulimwengu wa kubuni, vita vyake na milima yake, na mwenzangu alichora. Alikuwa binti wa Mombasa, babake ana duka la kanga mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu. Tuliitana kaka na dada, na kutwa tulitaniana: mimi mtu wa bara nisiyejua Kiswahili, yeye mtu wa pwani anayevaa sweta mbili mwezi wa Julai.

Bosi wetu, mama mmoja aliyefanyia kazi nyumbani kwake Spring Valley, alikuwa anatengeneza gemu ya simu iliyojaa majoka, yamechorwa na watu mbalimbali, kila mtu na lake. Akatuagiza tuyatafutie asili: lipi lilitoka kwa lipi, tangu mwanzo hadi leo. Tuliuchora ukoo wao kama mti wenye matawi, na juu kabisa ya karatasi kubwa tukapiga mstari mmoja, huo ndio leo. Joka ambalo tawi lake lingefika pale lingeingia kwenye gemu, litembee na kuruka. Lisilofika, kwaheri.

Mimi ningeanza na joka kubwa la moto, maana napenda makuu. Yeye alianza na kidudu cha majini, kinyonge, kisicho na lolote. Hakumwongezea mnyama hata pembe moja kabla ya kuuliza itamfaa nini mwenyewe. Moto ulimsumbua wiki nzima. Mwishowe akasema haukuanza kama moto: joka la kale lilicheua kama ng'ombe, likapumua hewa kali ya tumboni, na inzi waleta magonjwa wakakimbia. Lenye hewa kali zaidi likaishi, watoto wakarithi, na baada ya vizazi na vizazi hewa ile ikaja kushika moto. Nilicheka sana, kwa sababu kwetu magharibi, walikotoka wazazi wangu, watu hufukiza moshi zizini kufukuza inzi hao hao. Halafu nikaacha kucheka. Kitu cha uongo mtupu, na alikifanya kiwe na akili kuliko mambo mengi ya kweli ninayoyajua.

Miguu nayo ilikuwa na kesi yake. Majoka mengine yana miguu minne na mabawa mgongoni. Mengine yana miguu miwili tu, na mabawa yao ndiyo mikono. Akayatenga mapema, mababu zao wakiwa bado majini, zikawa koo mbili zisizokutana tena. Manyoya yakaenda kwa wenye miguu miwili, magamba yakabaki kwa wenye minne.

Tulipomaliza, joka moja likawa halina kwao, nalo lilikuwa lake yeye. Alilichora wakati akimuuguza mamake: dogo, la miguu minne na mabawa, na manyoya mwili mzima kama kifaranga. Mamake aliomba libandikwe ukutani karibu na kitanda, likakaa hapo hadi alipofariki. Mwenzangu hakuficha kwamba alitamani kuliona likiruka, hata mara moja. Na sasa lilikuwa na miguu ya ukoo huu na manyoya ya ukoo ule.

"Dada, si tuwaozeshe tu?" nikamwambia. "Bwana atoke huku, bibi atoke kule. Wako mbali, hakuna shida ya damu."

Nikachukua kalamu, nikavuta mstari kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Sisi Waluhya ukitaka kuoa, swali la kwanza la wazee ni ukoo. Mkikutwa ni wa ukoo mmoja, hata mpendane vipi, poleni. Damu ikiwa mbali ndiyo ndoa njema. Nilitazama zile koo mbili, zilizo mbali kuliko zote kwenye karatasi, nikaona harusi.

Alicheka hadi akashika mbavu. "Kaka, umemuoza mbuzi kwa kuku!" Akanieleza kwamba kwenye mti wa namna hii mambo ni kinyume: walio mbali hawazai pamoja, walio karibu ndio huzaa. "Kwetu binamu kwa binamu huoana, wala hapana neno. Majoka haya ni watu wa pwani, kaka."

Bosi alipita ofisini siku hiyo, akatukuta kabla hatujaufuta mstari wangu, na akaupenda. "Wacha ikae hivyo, iko poa. Nani ataangalia?"

Nikashusha pumzi. Joka la mamake lilikuwa limepona.

"Hapana, mama," mwenzangu akasema. "Tukiruhusu hili, lolote huzaa lolote, na mti mzima ni uongo."

Jioni hiyo, nikirudi nyumbani, nilishuka matatu pale Dagoretti Corner bado nimenuna. Mtu anapewa zawadi mkononi, anairudisha!

Kesho yake alikuja na jibu. Popo ana mabawa, ndege ana mabawa, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Basi manyoya pia yangeweza kuota mara mbili. Tawi moja la wenye miguu minne lilipanda milima ya theluji, likaota manyoya yake lenyewe ili kufunika mayai. Nilipiga meza kwa furaha. "Limeingia!"

Yeye hakufurahi. Akanionyesha historia niliyoandika mwenyewe: milima ile ilitapika moto zamani, theluji yote ikaisha. Joka la manyoya lisingevuka hadi leo.

"Nitaandika upya! Ni sentensi moja tu."

"Na majoka ya moto yaliyoenea baada ya milima kulipuka, kaka? Nusu ya mti imesimama hapo."

Akashika kalamu. Akalichora tawi lile taratibu, kwa uzuri kuliko yote aliyochora, likapanda, na mbali chini ya mstari wa leo akalikomesha.

"Dada, hii ni ya mamako! Unaiua aje?"

"Siliui. Lilikufa, basi. Mamangu naye amekufa. Siwezi kumchorea uongo ili nimwone akiruka."

Nilimheshimu kwa hilo. Akafunika kalamu, akaenda kuswali alasiri. Nikabaki peke yangu na ile karatasi, nikamlilia mama wa watu ambaye sikuwahi kumwona.