Jumatano Saba hadi kwa Baba

Siku niliyomwambia baba kwamba naolewa na mtu wa bara, hakupiga kelele. Alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi, na aliendelea kupukuchua. Bila hata kuinua macho akasema, "Ukitoka umetoka. Usije ukanirudia hapa na mzigo." Kisha akachukua hindi jingine. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kiburi kimenijaa mpaka kooni, nikamjibu, "Sirudi ng'o!" Tukaachana hivyo.

Harusini alikuja, nisimsingizie. Alivaa koti, akala pilau, akapigwa picha uso ameukunja. Na miaka yote iliyofuata nikawa nakwenda kwetu, huko ndani kupita Kinango, kama wageni wanavyokwenda: Krismasi na matanga. Nakwenda na mume na watoto, nafika asubuhi, alasiri nimeshaondoka. Kulala, sikulala hata siku moja. Baba ananisalimu vizuri, anauliza habari za Likoni, basi. Neno lake hakulifuta, na mimi sikumuuliza.

Sasa, neno la namna hiyo halikuumi wakati mnakula na kushiba. Liliniuma mwaka ule kazi ya mume wangu ilipokatika. Alikuwa karani kwenye ghala moja kule Changamwe. Ghala likafungwa, naye akahamia kwenye pombe ya mnazi. Kunipiga hakunipiga, lakini ulimi wake uligeuka, na viti tulivyokalia vikauzwa kimoja kimoja. Kuna asubuhi nilikaa kitandani nikawaza nyumba ninazoweza kukimbilia. Kila nikianza, naishia kwenye ule ua wa baba, na pale nakwama. Akina mama wa kanisani wakanisifu, ana subira huyu, ana subira. Subira gani! Nilikaa kwa kukosa pa kwenda.

Baadaye Mungu akajalia, mume wangu akapata kazi nyingine, pombe akaiacha, akarudi kuwa mtu wa kucheka na watu. Ni mume mzuri, nalisema hilo mbele ya yeyote. Ila mimi nilibaki na donge langu. Sikujua kama ninaishi naye kwa kumpenda au kwa sababu kwetu nimefungiwa mlango. Miaka imepita, watoto wamekua, donge lipo pale pale.

Kutembea kwenyewe kulianza kwa presha. Mimi ni dobi hotelini, upande wa Shelly Beach. Nesi wa kliniki akaniambia, "Mama, tembea." Nikamwambia nasimama mashineni tangu asubuhi mpaka zamu iishe. Akasema kusimama si kutembea. Nikanuna, maana alisema kweli.

Wiki hizo hizo hotelini kwetu akafikia bibi mmoja wa kizungu, mvi tupu, miguu myembamba kama ya kuku, aliyetaka soksi zake zifuliwe kwa mkono. Nilipompelekea akanionyesha ramani. Kwao kuna njia ya miguu ndefu ajabu, inavuka milima na milima, na yeye anaitembea kwa vipande tangu watoto wake wangali wadogo. Mwaka huu wiki moja, mwaka ujao wiki nyingine, na kila mara anarudi mahali pale pale alipoishia, anaendelea. Nikamuuliza, "Na ukimaliza unapewa nini?" Akasema hapewi kitu. Loo! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini usingizi haukunijia mapema siku ile, kwa sababu nilikuwa sijajua kwamba safari inaruhusiwa kukatwa.

Ningeweza kuzunguka zangu Likoni, niende Mtongwe nirudi, presha ingeshuka vile vile. Mimi nikaelekea kwetu. Nilitaka siku moja nitokee uani kwa baba peke yangu, bila mume, bila watoto, bila msiba, nione atanitazama vipi. Kwa gari singethubutu. Gari linakufikisha kabla hujajiandaa.

Basi Jumatano, siku yangu ya kupumzika, nikafunga mlango wangu pale Shika Adabu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikashika barabara. Siku ya kwanza niliishia Ng'ombeni, visigino vimechubuka, nikarudi kwa gari nikimlaani yule bibi na soksi zake. Ya pili nikapita Waa nikafika Kombani, pale njia ya Kwale inapochepuka. Ya tatu nilikata tamaa katikati ya mpando, penye karavati la kupitishia maji chini ya barabara, mahali ambapo hapana duka wala nyumba. Na sheria yangu ilikuwa moja tu: nilipoishia ndipo ninapoanzia. Kwa hiyo Jumatano iliyofuata nikapanda gari, nikamwambia utingo anishushe pale.

"Mama, hapa hakuna steji."

"Najua. Nishushe kwenye karavati."

"Unaenda kwa nani hapa?"

"Kwa karavati."

Gari zima likaangua kicheko. Nikashuka na heshima zangu, nikasimama penye karavati nikisubiri wapotee, ndipo nikaanza kupanda. Siku ile nilifika Kwale mjini juu kabisa, upepo unanipiga usoni, nikanunua maji ya machungwa nikanywa nimesimama. Sikumwambia mtu nimetoka wapi, lakini nilikuwa najiona.

Udhia mkubwa ulikuwa ni huruma za watu. Mwanamke mzima, begi mgongoni, anatembea kando ya lami: kila bodaboda anasimama. "Mathe, panda tu, sitakutoza." Kijana mmoja alinifuata hatua kama mia, anabembeleza, mpaka nikamgeukia. "Mwanangu, nauli ninayo, na siumwi! Niache!" Akaenda zake akitikisa kichwa. Nyumbani nako mume wangu akapata la kusimulia wenzake kivukoni. "Mke wangu anaenda kwao kwa awamu," anasema kwa Kiswahili chake kile cha bara, "kama barabara ya serikali." Lakini kila Jumatano jioni ni yeye aliyeniwekea beseni la maji ya moto na chumvi.

Vipande viwili vilivyofuata vilikuwa vya upande wa pili, kuteremkia Kinango, kwenye jua na mbuzi na mashamba ya mihogo. Kikabaki kimoja, cha saba, kutoka Kinango hadi kwetu. Kwa kuwa kule magari ya kurudi ni ya asubuhi tu, nilibadilishana zamu na mwenzangu ili Alhamisi pia niwe huru. Ndani ya begi la shule alilolitupa binti yangu nikatia kanga mbili, nguo ya kulalia, dawa zangu, sukari na mkate. Kilomita za mwisho niliogopa. Mara mbili nilikaa chini nikajiambia nirudi, hakuna anayenijua hapa, nitasema mguu umeteguka.

Nilifika saa nane mchana. Vumbi jekundu mpaka magotini, kamba ya ndala imekatika nimeifunga kwa uzi. Mama alikuwa anapepeta uani, baba anachonga mpini wa jembe.

"Hodi! Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Mama akatazama miguu yangu, akatazama begi, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja. "Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Gari limekushusha wapi?"

"Gari la nini? Nimekuja kwa miguu, kutoka Likoni mpaka hapa!"

Nilisema kwa majivuno, kifua mbele. Mama akaacha ungo. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana." Baba aliweka panga chini, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na punde nikasikia kuku anapiga kelele.

Nikaletewa maji ya kuoga, ya moto, mchana wa jua lile. Nikaletewa chakula. Hakuna aliyeniuliza neno. Nikaanza kuudhika, jamani. Nimepasuka miguu, nimepanda mpando wa Kwale, na hakuna hata wa kusema "ehe, ilikuwaje?" Mama ananitazama nikila, anageuka pembeni.

Kisha baba akaja na ufunguo. Akafungua kufuli ya chumba cha mwisho, kile nilicholala usichanani, akaondoka bila kuingia. Kilikuwa kimefagiwa. Kitanda cha kamba kimekazwa, mkeka mpya umetandikwa juu yake. Ilhali ukumbini kwao magunia ya mahindi yamepangwa mpaka darini, mtu anapita ubavu.

"Mama, kwa nini mahindi hamyaweki huku?"

"Baba yako hataki. Anasema hiki chumba kina mwenyewe."

Hapo ndipo akili ikanijia. Kwetu binti akirudi na mzigo haulizwi. Anaogeshwa, analishwa, analazwa, na kesho yake shangazi yake ndiye anayekuja kumuuliza. Nimekua naliona hilo likifanyiwa wengine, na bado sikulitambua lilipofanywa kwangu. Walidhani nimeachika, tena nimefukuzwa hata nauli sina!

Ningepaswa kusema pale pale. Sikusema, na si kwamba nilisahau. Nilikaa kwenye kile kitanda nikalia mpaka kanga ikalowa, mama akanipigapiga mgongo akidhani ninamlilia mume. Nilikuwa nalia kwa raha. Nilitaka nilale usiku mmoja kama mtu aliyerudi kwao akapokewa. Nikampigia mume wangu kwamba nimefika salama, nikalala kabla jua halijazama vizuri.

Asubuhi shangazi akaingia, akafunga mlango, akaketi kitandani. "Haya, mwanangu. Yule mtu wa bara amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, shangazi. Natembea kwa ajili ya presha."

"Usimfichie. Alfajiri nimeshampigia simu nimempa vidonge vyake."

"Ala! Shangazi!" Nikamweleza yote, nesi, bibi wa kizungu, karavati, Jumatano saba. Akanisikiliza mdomo wazi.

"Na nauli ulikuwa nayo?"

"Ninayo mpaka sasa."

Akafungua mlango kwa kishindo. "Njooni mmsikie huyu! Njooni mmsikie mwendawazimu wenu!" Mama alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka, anasema ahsante Mungu, ahsante Mungu. Baba alisimama na mswaki mdomoni. "Kuku wangu," akasema. Basi tukafa kwa kicheko, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia.

Aliposema atanisindikiza hadi penye gari, sikushangaa, ni ada. Nilichoshangaa ni kwamba alibeba begi langu. Tulitembea hadi tukapita mashamba, ndipo akaanza.

"Mwaka ule mumeo alipokuwa analewa, nilisikia."

"Nani alikwambia?"

"Watu wana midomo. Ndipo nikanunua ile kufuli, wajukuu wa hapa nyumbani wasije wakahamia mle."

Nikasimama. "Kwa nini hukuniita, baba?"

"Ningeanzia wapi? Nilishasema nilichosema. Nikawa nangoja uje."

"Na mimi nilikuwa kule nakaa, najua hapa hapafunguki. Baba, nilikaa mwaka mzima najua sina pa kwenda."

Aliliweka begi chini, akaliangalia, akaniangalia mimi. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu ameona haya. "Nisamehe, mama," akasema. "Nilimkasirikia mwanamume, nikakufungia wewe."

Nikamwambia nimesamehe, na nilikuwa nimesamehe kweli, tangu pale kitandani. Gari likaja, nikapanda. Njia yote ya Jumatano saba ikapita dirishani kwa saa chache tu, nami mwili umelegea wote, nasinzia na kuzinduka natabasamu peke yangu mpaka jirani yangu akasogea kidogo.

Mume wangu nilimkuta amesimama mlangoni. Hakuwa amekwenda kazini. Shati la kazi amelivaa, vifungo amevikosea.

"Umerudi?" akauliza.

"Si unaniona."

"Shangazi yako alisema hurudi tena. Simu yako haishiki. Nikajiuliza nimefanya nini, nikakumbuka ule mwaka, nikaona labda umeamua." Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na kwa furaha ile hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumpigia tena.

Ningeweza kumcheka. Nimemcheka kwa madogo kuliko hayo. Lakini nilimwona vile alivyosimama, mtu mzima, hajala tangu asubuhi, na nikaona kwamba ninampenda, waziwazi, bila donge.

"Sikiliza," nikamwambia. "Kwetu nina chumba. Kina kitanda, kina mkeka mpya, na ufunguo baba amenipa." Nikautoa nikamwonyesha. "Nikitaka kwenda kukaa, naenda hata leo."

Akautazama ule ufunguo. "Sasa?"

"Sasa nimekuja hapa."