Mlinzi wa Bahari ya Matangini

Kazi hii Mwanarusi aliipata kwa sababu ya mdomo wake, na hakuna mtu Timbwani, hapa Likoni, asiyelijua hilo. Kabla yake mlinzi alikuwa Bakari, mtu wa watu, mpole kupita kiasi. Watoto wakitaka kuogelea matangini, Bakari anawaambia wasikae sana. Vijana wa bodaboda wakija kuomba maji ya kuoshea pikipiki, anawachotea, na wao na akili zao hawajiulizi chuma na chumvi vinapatana vipi. Siku moja mama mmoja alikuja na ndoo akaopoa samaki wawili wa kitoweo, tafi, na Bakari akamsaidia kuwakata miiba. Hapo Daktari Nafula, msimamizi wa kituo, alikwenda kwa wazee wa mtaa akawauliza: hapa kwenu ni nani anayeogopwa? Wakamjibu kwa sauti moja.

Kituo chenyewe si cha kujivunia. Ni kiwanja kilichozungushiwa seng'enge juu kidogo ya ufuo, na ndani yake mna banda la mabati, chumba cha mitambo, na matangi sita ya duara, meupe, yanayomfika mtu kiunoni. Matangi yalijazwa maji ya bahari, yakatiwa mchanga, konokono, kaa wadogo, tafi na nyasi bahari, kisha basi. Hakiingii kitu, hakitoki kitu. Matatu yanaachwa na joto lake la kawaida. Matatu yanapashwa moto kwa mashine, yafanane na bahari watakayoikuta wajukuu zetu. Wapita njia wakimuuliza Mwanarusi mambo gani hayo, huwajibu, "Wameikamata bahari kidogo wakaiweka rumande, wasikie itasema nini. Haya, umeshasikia, nenda zako."

Lakini msimdhanie kuwa alikuwa akilinda mshahara tu. Utotoni, maji yakitoka, mama yake alikuwa akimchukua kwenda kutafuta pweza kwenye nyasi zile, nyasi zilizokuwa zimetanda kama mkeka toka ufuoni hadi mwambani. Leo pale ni mchanga mtupu na mafuma, wale wadudu wa miiba waliokula kila jani. Mwanarusi na wanawake wenzake walijikusanya wakapanda upya kwa mikono yao, leso zimefungwa juu ya magoti, mche mmoja mmoja unafungwa kwenye gunia na gunia linapigiliwa vijiti mchangani. Ikafa. Wakapanda tena. Jua likachemsha maji yaliyobaki vidimbwini, ikafa tena. Mara ile ya pili Mwanarusi alilia kwa hasira, kisha akamgombeza aliyemwona akilia.

Ndipo Nafula alipowaambia: nyasi ziko za namna mbili, za majani mapana na za majani membamba, na matangi ndiyo yatakayosema ipi inahimili joto. Msipande mpaka msimu wa kusi uishe. Wanawake waliguna, ila Mwanarusi aliwapa ahadi yake mwenyewe. Jibu litapatikana, na yeye atakaa mlangoni mpaka lipatikane.

Akakaa, na karaha zikaanza. Mbuzi. Maharusi wanaotaka kupigwa picha kando ya matangi. Mtu aliyetupa mkate ndani kwa kuwaonea samaki huruma. Wote hao aliwatimua, na maneno aliyowatimulia hayaandikiki. Kisha wakati wa masika umeme ukakatika, na jenereta haikuwapo, kwa kuwa Jefwa, fundi wa mitambo, alikuwa ameiazimisha kwenye harusi ya binamu yake Kisauni. Tangi moja la moto likafa lote.

"Mawili yanatosha kwa taabu," Nafula alisema siku ile. "Likibaki moja halitoshi. Moja si ushahidi, mama, moja ni hadithi."

Mwanarusi akamgeukia Jefwa. "Umesikia? Binamu yako kaoa kwa mgongo wetu."

Kusi ilipokaribia kwisha, wafadhili wakaleta habari kwamba wanakuja kutazama kazi, na wazee wa mtaa nao wakaalikwa. Chakula kiliagizwa hotelini: pilau, kachumbari, na uma zilizoviringishwa kwenye karatasi kama zawadi za Idi. Asubuhi ile Nafula alimfuata Mwanarusi getini. Binti yule ametoka bara, ila ana adabu, na alikuwa ameulizia desturi.

"Mama Mwanarusi, nimeambiwa wazee huku wananawishwa. Birika na beseni nimeviweka jikoni. Naomba uzunguke navyo wakianza kula na wakimaliza."

Mwanarusi alikuwa amevaa koti lake jipya lililoandikwa MLINZI mgongoni, na siku ile alikuwa amelipiga pasi.

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua namna."

"Mwanangu, mimi nimeandikwa kulinda matangi. Kunawisha watu ni kazi ya wasichana. Nina wajukuu wanaoninawisha mimi."

"Sasa nani atafanya?"

"Si mmeleta uma? Watu wa uma hawana haja ya birika."

Nafula alitaka kusema neno, simu yake ikalia, akaenda. Jefwa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, spana mkononi. "Koti hilo limekupanda kichwani, dada," akamwambia.

"Na wewe jenereta ilikupanda wapi?"

Likaishia hapo. Birika likabaki chini ya meza ya jikoni.

Wageni wa wafadhili walikula kwa uma. Lakini mzee gani wa Likoni atakula pilau kwa uma na mkono anao? Wazee walikula kama watu, na walipomaliza mikono yao iling'aa mafuta mpaka kwenye vifundo. Wakatazama huku na huku. Hakuna aliyekuja. Pembeni ya banda palikuwa na sinki na chupa ya sabuni, ila bomba lilikuwa kavu tangu mwanzo wa juma. Hilo halikumshangaza mtu.

Wakati huo Mwanarusi alikuwa getini anazozana na mpiga picha aliyetaka kupanda juu ya ukingo wa tangi. Alipogeuka, aliwaona wazee wamejipanga foleni mbele ya tangi la tano, mojawapo ya yale mawili ya moto yaliyosalia. Hata mgeni mmoja wa wafadhili alikuwa ameingia foleni, akidhani ndiyo mila ya kituo.

Alikwenda mbio, mdomo umejaa. Maneno ya watu wa mbuzi, ya maharusi na ya mkate, yote aliyakusanya pamoja. Alipofika mbele ya foleni akaona ni nani aliyeitangulia.

Alikuwa Mzee Anwar, baba yake mdogo. Marehemu baba yake alipokataa kumsomesha mtoto wa kike, ni Mzee Anwar huyu aliyemshika mkono akampeleka shule, akamtunza mpaka darasa la saba. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu hadi kwenye viwiko, chupa ya sabuni kwapani, ananawa kwa utulivu wa mtu anayejiandaa kuswali.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Maji yenu mazuri, vuguvugu. Ila chumvi imezidi, sabuni haishiki povu. Imebidi nimimine nyingi."

Mwanarusi alifungua mdomo. Nusu ya Likoni inajua kinachotoka humo. Safari hii kilitoka, "Ndiyo, baba," basi. Mzee akampa chupa mwenzake wa nyuma.

Alasiri ile tafi walielea matumbo juu, na konokono wakadondoka kwenye ukuta wa tangi mmoja baada ya mwingine. Nafula alisimama akiyatazama maji yaliyokuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

"Kwa nini hukuwakataza?"

"Mkataze wewe baba yangu."

"Mama, limebaki moja."

"Najua limebaki moja. Tuyamwage haya, tutie mengine."

"Nikitia maji mengine si tangi lile tena. Inabidi tuanze upya, yote sita. Kaskazi itupite, masika itupite, mpaka kusi nyingine iishe."

Mwanarusi alizunguka kiwanja kizima akigomba. Aliligombeza bomba, akawagombeza watu wa hoteli na uma zao, akawagombeza wafadhili waliotaka kutazama kitu kisichotaka kutazamwa, akawagombeza wazee, ila huyo mmoja alimruka.

"Umemaliza?" Jefwa akamuuliza. "Maana kuna mtu umemsahau."

"Nani?"

Jefwa alinyoosha spana kuelekea jikoni, chini ya meza. Mwanarusi hakumjibu, na Mwanarusi asipokujibu, ujue umempata.

Kwa wanawake wenzake alikwenda mwenyewe, hakungoja kuitwa. Nadira, mwenyekiti wao, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sabuni aliitia nani?"

"Wageni."

"Wageni hawana majina?"

"Hawana."

"Na kuwanawisha alitakiwa nani?"

"Mimi."

"Ukafanyaje?"

"Nilikataa."

Mmoja wa nyuma akasema, "Mwaka mzima tunangoja jani, shoga, kumbe umetuuza kwa koti." Wakacheka, kicheko kibaya, na Mwanarusi akakaa akakipokea chote. Wawili waliondoka wakisema watapanda kivyao. Waliobaki walikubali kungoja tena, ila hakuna aliyekubali kwa moyo mkunjufu.

Kaskazi ilipoanza, matangi yalijazwa upya, na wageni wakaja tena. Mara hii Mwanarusi alisimama mlangoni mwa banda, koti mwilini, taulo begani, birika mkono huu na beseni mkono ule. Akaanza na Mzee Anwar, na wengine wakangoja.

"Karibu unawe, baba mdogo. Hapa hapa ulipokaa."

Mzee akatoa mikono. "Leo umenikumbuka. Safari ile mlituacha tuhangaike, si vizuri. Mtu mzima anazunguka na mafuta mkononi kama mtoto."

"Ndiyo, baba."

"Nikajitafutia mwenyewe." Alisugua vidole polepole. "Na wale samaki wenu wa tangini? Wazuri wale. Hawajambo?"

Maji yalikuwa yakimiminika sawasawa. Nyuma ya mzee alimwona Jefwa amejiziba mdomo kwa kitambaa, na Nafula anatazama mabati ya paa.

"Hawajambo, baba," Mwanarusi akasema, akampa taulo.