Kaka Alitembea Nyuma Yetu Thelujini

Tarehe kumi na nne Juni mwaka jana nilimpoteza kaka yangu. Watu hapa Mwamkulu husema baridi ya Kilimanjaro ndiyo iliyomuua. Si kweli. Alifia hospitali Mpanda, kwa ugonjwa wa figo. Theluji haikuwahi kumnyang'anya hata kidole.

Alipanda mlima ule miaka mingi, kwanza akibeba mizigo ya wageni, baadaye akiwaongoza. Nilimfuata safari moja tu, kama mbebaji. Waongozaji wengine walitangulia. Yeye alitembea nyuma, kama baba alivyotufundisha kuchunga: aliye nyuma ndiye anayemwona ng'ombe anayechechemea. Alitukataza kwenda mbio tukatoka jasho, maana nguo ikilowa huko juu inageuka barafu mwilini. Soksi za kulalia alitufungia kwenye mfuko wa plastiki, hakuna kuzivaa mchana. Na jiko halikuingia hemani, hata mtu atetemeke vipi. Moshi usioonekana unaua, alisema.

Tulipofika kambi ya juu, theluji ikaanza kuanguka mchana. Kichwa kiliniuma na chakula kilinikinaisha, lakini nilinyamaza. Kwetu Wasukuma mchungaji hasemi amechoka kabla mifugo haijaingia zizini. Nikaketi juu ya mzigo, na usingizi ukawa mtamu ajabu.

Kaka akaniambia nitembee moja kwa moja hadi hema la jikoni. Nikayumba. Wenzangu wakacheka, wakauliza pombe nimeipata wapi. Yeye hakucheka; aliutambua ugonjwa wa kimo, ambao dawa yake ni kushuka.

"Kaka, niache nilale kidogo. Nitashuka kesho."

"Ukilala hapa, mama nitamwambia nini? Inuka, mchunga ng'ombe. Tunashuka sasa hivi."

Wageni wake aliwakabidhi kwa mwenzake, ingawa walibakiza kilele tu. Hakunibeba. Alinishika mkanda kwa nyuma, akaniagiza nitaje ng'ombe wetu mmoja mmoja, rangi na pembe zake. Nilipokosea alinirudisha mwanzo, na mara mbili alinitukana ili nisisinzie. Tulishuka hivyo hadi theluji ikawa mvua na vichaka vikaanza kuonekana. Hapo maneno yangu yakanyooka, nikamwambia nina njaa.

Alikaa kwenye jiwe, akafuta uso kwa glavu, akatoa chapati ngumu mfukoni. Aliimega, kipande kikubwa akanipa mimi, akanitazama mpaka nilipomeza.