Mama Kaenda Mashineni

Baba yangu, mzee Makoye, anakumbuka ng'ombe wote aliotoa mahari kwa mama kule Shinyanga, kabla hawajahamia huku Ubaruku. Mwekundu mwenye baka usoni, mweusi mwenye pembe iliyovunjika, wote anao kichwani. Lakini kwamba mama amekufa, hakumbuki. Tulimzika mwezi wa nne, na baba mwenyewe alitupa udongo kaburini.

Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Violet, mama Nashoni yuko wapi?" Namwambia, "Baba, mama alifariki." Jamani! Analia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake, vilevile.

Tukampeleka Mbeya kwa daktari. Akatueleza kwamba ya zamani yamekaa kwa sababu baba ameyarudia miaka na miaka. Mapya ubongo wake haushiki tena. "Ila uchungu unabaki," akasema, "hata kisa chenyewe kikishatoka." Hilo la mwisho hatukulitilia maanani.

Njiani kurudi, kaka yangu Nashoni akaja na akili zake. "Tuache kumtesa mzee. Akiuliza, tumwambie mama kaenda mashineni kukoboa mpunga." Nikakubali, maana nilikuwa nimechoka kumliza.

Basi ikawa hivyo. Baba akiambiwa, anaitikia, anakaa mlangoni kumsubiri mpaka giza linaingia. Hakulia tena, ila akaanza kununa. Chakula changu akawa hagusi. Juzi namkuta kavaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi, kawaita majirani wazee, Wasukuma wenzake.

"Mwanamke amenikimbia," anawaambia. "Nataka wakwe zangu warudishe ng'ombe zangu." Akaanza kuwataja kwa rangi zao, mmoja baada ya mwingine.

Hasira zikanipanda. Mama, aliyevumilia na mtu huyu ukame na njaa, leo anaitwa mtoro mbele za watu! Nashoni akanikonyeza ninyamaze. Ninyamaze nini? Nikapiga magoti mbele ya baba.

"Baba, mama hajakukimbia. Amekufa. Tumemzika pale nyuma ya nyumba."

Fimbo ikamtoka mkononi. "Kumbe hajaniacha," akasema, akaangua kilio. Wazee wakamshika mabega.

Jioni alikula ugali wote. Mimi wangu niliuacha sahanini, maana kukicha angeniuliza tena, nami ingenibidi nimuue mama tena.