Koti Lililokaa Kwenye Kiti

Habari hii nimeificha miaka mingi kwa aibu, ingawa nusu ya Ifakara walikuwa wanaijua, kwa hiyo hata sijui nilikuwa namficha nani.

Ilikuwa miaka ya tisini, mume wangu Kasiani amefariki, mimi nimevaa nyeusi, na mdogo wake Desderi alishaniambia mbele ya ukoo, "Shemeji, nyumbani utakaa na watoto, ila nyeusi usiivue mpaka tukuvue sisi," nami nikakubali, ningekwenda wapi na wanangu. Sasa siku moja nimetoka kupura mpunga, nikajitazama kwenye kioo cha jirani yangu Rehema, nikaona kizee (na arobaini sikuwa nimefika), nikamwambia, "Rehema, niazime kitenge chako chekundu nikapige picha moja tu, nijue kama bado nipo."

Basi nikaenda kwa Fokasi, mpiga picha wa pale karibu na soko, nikabadilisha nguo nyuma ya pazia lake, nikapaka rangi ya mdomo, nikasimama nimeshika kiti, na kwenye kiti kumetundikwa koti la kiume ambalo wala sikuliona, maana nilikuwa nahangaikia shingo yangu isitoke na mikunjo. Picha ikapendeza mno, Fokasi bila kuniuliza akaibandika kwenye kioo cha mbele kuvutia wateja, na pale nani asiyepita.

Jioni Desderi akaja na wazee wa ukoo, picha mkononi.

"Shemeji, koti la nani hili?"

"Silijui."

Ilikuwa kweli, lakini ndilo jibu lililonimaliza.

"Basi usiyemjua akuoe, sisi utuachie nyumba."

Wakamwita Fokasi ajieleze, naye (Mungu amrehemu) akatokea amelivaa koti lile lile, wazee wakaguna, mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shikamooni wazee," akasema. "Koti ni la studio, asiye na koti namwazima. Hata Desderi, ile picha yake ya ukutani, ni hili hili."

Na Desderi alikuwa ametuambia alilinunua Dar es Salaam. Mzee Tadei akacheka mpaka akakohoa. "Basi na Desderi tumuulize kaolewa na nani."

Nyumba nikabaki nayo, ila kwa kuivua nyeusi siku ile nikaambiwa mwaka wake niuanze upya, nikauanza. Picha aliondoka nayo Desderi, sikuiona tena.

Ninyi wajukuu mnajipiga picha asubuhi na jioni, mnarusha huko kwenye simu, wasipowasifia mnanuna, na siwacheki, nami nilitaka kuonekana. Ila mkininyooshea hiyo simu nitauliza kwanza picha inakwenda wapi na nani ataiona, na mkishindwa kunijibu najifunika khanga usoni. Nimechoka kujieleza.