Kibali cha Mama wa Igalula

Jumatatu moja asubuhi mwanamke mmoja aliyeshuka na treni ya kutoka Igalula alibisha hodi kwangu, mkononi ameshika kopo la asali lililofungwa kitambaa cheupe mdomoni. Kopo nililijua kabla ya kumjua yeye. Kila msimu wa asali mama mmoja wa Igalula huniletea kopo la namna ile kwa mkono wake mwenyewe, akae kidogo, anywe maji, aondoke. Nikamuuliza mgeni wangu, mwenye asali mwenyewe yuko wapi. "Tulimzika juzi, baba," akaniambia. "Homa ya siku tatu tu. Alisema asali ya karani isisahauliwe." Nilikaa kizingitini kopo likiwa mapajani. Mpaka ninapoandika haya sijatulia, na si kwa ajili ya kifo chake peke yake.

Kabla ya kuandika magazetini nilikuwa karani na mkalimani bomani hapa Tabora. Mama yule nilimwona mara ya kwanza akiwa mke kijana mwenye mimba kubwa, ameongozana na mumewe, fundi wa mashine aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Kongo ya Wabelgiji, akaja kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na cheti walikileta kimekunjwa ndani ya leso. Mkataba wa bwana ulikuwa unakaribia kwisha. Kwao alikuwa na mama kipofu asiye na mtu mwingine, na kazi ilikuwa inamngoja kwenye gati. Alitaka mkewe apewe kibali cha kukaa kule, kwa kuwa ni mke wa mtu wa kule. Nikawajazia fomu, ikavuka ziwa.

Wabelgiji wakaandika kuliuliza boma: je, hawa kweli wanaishi pamoja? Bwana Shauri, afisa wa boma, Mwingereza kijana aliyekuwa na mwezi mmoja tu Tabora, akamwita mwanangwa, mkuu wa kijiji cha kwao yule mama. Mwanangwa akaja, akavua kofia, akajibu bila kusita: "Huyo yuko kwao, kwa mama yake. Mwezi wa tatu huu." Kwetu hapo hakuna la kuuliza. Mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzalia kwa mama yake, akalelewa huko mpaka apate nguvu, na mumewe humpelekea kuku na kanga mpya. Mnyamwezi akisikia maneno yale huuliza tu amejifungua nini. Mimi nikayatia katika Kiingereza neno kwa neno: amerudi kwa mama yake, yuko huko miezi mitatu. Nikamwona Bwana Shauri akiandika, kisha akapiga mstari chini ya alichoandika.

Nilijua anavyoelewa. Kwao mke akirudi kwa mama yake ndoa imevunjika. Lakini wakalimani tulikatazwa kuongeza la kwetu, na mimi nilikuwa najivunia kwamba siongezi wala sipunguzi. Isitoshe watu walikuwa wamejaa barazani, jua kali, nami nina njaa. Sentensi moja tu ingetosha, sikuisema.

Jibu likaja, likapitia mezani kwangu: kibali hupewa mke anayeishi na mumewe, na huyu na mumewe wametengana. Siku alipokuja, mtoto wa kike mgongoni, nikamwambia wamekataa. Akauliza kwa nini. Nikasema hawakueleza. Niliogopa kupoteza kazi, nikamdanganya mtu mzima mchana kweupe, naye akanihurumia mimi. "Usijisumbue, karani. Umetupigania vya kutosha." Mumewe akatangulia. Yeye akajaribu kumfuata hata hivyo, akafika Kigoma, akarudishwa kwenye ngazi ya meli kwa sababu hana karatasi. Tangu hapo bwana alikuja mara moja kwa mwaka, majuma mawili ya likizo, akarudi. Na kila msimu mimi nikala asali ya shukrani.

Babu zetu waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Ujiji walivuka ziwa lile na mizigo yao, wengine wakaoa ng'ambo, wakajenga, na mpaka leo wajukuu wao wako kule. Hawakuulizwa mke analala wapi. Siku hizi jambo hilo huamuliwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mwenye ndoa, kwa kusoma mstari ulioandikwa na mwingine aliyeusikia kwa mtu wa tatu. Sisi makarani tulijiona wadogo katika kazi hiyo. Kumbe kila kitu kilipita midomoni mwetu.

Jana mume mwenyewe alinijia, pamoja na binti yao wa miaka tisa, aliyenipigia goti na kuniamkia shikamoo. Bwana amechelewa mazishi. Taarifa ilimkuta meli imeshaondoka, ikabidi angoje nyingine. Sasa anataka kumchukua binti yake. Akanikunjulia fomu na kuniomba nimjazie, maana, alisema, marehemu alimwambia hakuna mwingine wa kumwamini. Nikaandika jina, nikaandika kijiji, mpaka tukafika palipoulizwa kama mama wa mtoto aliwahi kunyimwa kibali, na kwa sababu gani.

"Hapo hata mimi sijui," akasema. "Sababu ilikuwa nini, karani?"

Nikaweka kalamu chini, nikamwambia yote, tangu mwanangwa alivyojibu mpaka siku nilipomdanganya mkewe. Sikumtazama usoni. Binti alikuwa uani akimsaidia mke wangu kupeta mchele, na sauti ya ungo ndiyo tuliyokuwa tukiisikia.

"Miaka yote hii niliwachukia Wabelgiji," akasema mwishowe. Kisha akanisogezea kalamu. "Andika. Safari hii yaandike yote."

Nimeyaandika. Nafasi haikutosha, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma, nikaeleza desturi yetu ya uzazi kama ningemweleza mtu aliyeshuka melini leo, na chini nikatia jina langu, nikikiri kuwa kosa lilikuwa langu. Hakuniaga kwa mkono, wala simlaumu. Ninyi vijana mnaokaa leo kwenye kiti nilichokalia, mkiona Mzungu anapiga mstari chini ya maneno aliyoyaelewa vibaya, msemeeni mwenzenu hapo hapo, hata mkifukuzwa kazi. Kopo liko rafuni, kitambaa chake bado kimefungwa, nami sina uso wa kulifungua.