Betri Iliyomvusha Mama

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza mashua za umeme huko ziwani. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini nikilitaja hilo jambo kifua kinajaa. Juzi alikuja nyumbani Isiolo na karatasi zake, akaketi jikoni kwangu mimi nyanya yake, akaniambia, "Ayeyo, kazi ngumu ni kuchagua betri na mota. Watu wanachagua zenye nguvu nyingi, halafu mashua inazima katikati ya maji."

Nilicheka mpaka leso ikaanguka.

"Hiyo babu yako alikosea zamani," nikamwambia. "Mama yako alikuwa bado tumboni."

Babu yake, mume wangu, alikuwa fundi wa waya za malori. Watu wake waliingia Isiolo na bunduki za Mwingereza begani, wakauacha uaskari, wakashika biashara ya kusafirisha mifugo na mizigo. Yadi yetu ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilinuka asidi na grisi, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali, nageuka kumtafuta.

Yeye alishika malori. Mimi nilishika meza ya chaji. Miaka ile ya sabini kila mtu alitaka redio, na umeme ulikuwa wa wachache, basi watu waliniletea betri. Nilizijaza maji ya mvua niliyokinga kwenye mabati, kwa maana maji ya kisima chetu yana chumvi na yanaua betri. Kuandika sana sikujua, kwa hiyo kila betri ilikuwa na mistari yake ya chaki ukutani: imekaa siku ngapi kabla ya kurudi kwangu. Kuna zilizorudi baada ya siku mbili. Kuna moja tu, nyeusi, nzito, kichwa chake kimezibwa kwa lami, iliyokaa wiki mbili nzima, Ijumaa ya kwanza hadi ya tatu. Hiyo ilikuwa ya mzee wa hoteli ya chai. Kabla haijawa yake ilikuwa ya kuwashia taa za nyumba, si ya kuamsha lori.

Mama yangu aliishi na ngamia zake ng'ambo ya Ewaso Nyiro. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na mama yake huja kumshika mkono. Nilipojifungua mtoto wa kwanza mto ulifurika, mama akabaki ng'ambo. Alimwona mtoto wangu akiwa na meno tayari. Zile siku arobaini nilikunywa uji wa wifi yangu, uji mchungu kama yeye mwenyewe, nikiangalia mlango.

Nilipokuwa na mimba ya pili, ya miezi minane, mvua ikaanza tena. Usifikiri nililia. Niliacha kuongea tu. Mume wangu hakuzoea nyumba kuwa kimya nami nimo ndani.

"Safari hii mama yako atakuja," akasema. "Nitatengeneza mashua."

"Wewe? Hata kuoga mtoni unaogopa."

"Nitatia mota. Kasia sijui, lakini mota naijua."

Injini ya mashua ya petroli Isiolo nani angekuuzia? Alichokuwa nacho ni betri na vyuma vya malori. Akachukua mapipa manne, akayafunga na mbao, na nyuma akaweka panga la feni ya rejeta alilolikata likawa dogo. Likabaki swali la mota na betri.

Sasa sikilizeni jinsi mafundi wa yadi walivyochagua betri. Walichukua kipande cha waya, wakagusa huku na huku, wakatazama cheche. Cheche kubwa, betri nzuri. Ilitosha, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuamsha lori asubuhi, na lori likishaamka halihitaji betri tena. Mume wangu akachagua betri yenye cheche kubwa kuliko zote, na mota akachagua stata ya lori, ile ya kuamsha injini, kwa maana hakuna kitu chenye nguvu yadini kama stata.

Tukaenda kuijaribu kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Madereva wote walikuja. Mmoja akapiga saluti.

"Salaam aleikum, nahodha! Mombasa ni kesho ama kesho kutwa?"

"Cheka tu," mume wangu akamjibu. "Ukirudi hapa utalipa nauli."

Akaunga waya. Ile kitu ikanguruma, ikaruka kama ndama aliyeumwa na nzi, ikaenda hatua ishirini hivi. Kisha moshi. Kisha kimya. Mume wangu akabaki amekaa katikati ya silanga, ng'ombe wakimtazama. Walimvuta kwa kamba ya kufungia mizigo, na aliporudi nchi kavu hakutaka kunitazama.

Usiku huo akasema atatia betri mbili.

"Tia tatu," nikamwambia, "uzame haraka, tupumzike."

"Basi wewe unayejua, sema."

Nikasema. Tumbo langu lilikuwa kubwa na subira ilikuwa imeisha. Nikamwambia, "Stata imeumbwa ipige mara moja ilale. Wewe unataka itembee. Na betri yako ni ng'ombe wa kumwaga maziwa yote asubuhi. Mimi nataka ngamia, umkamue kidogo, urudi tena, umkamue tena."

"Hiyo ngamia iko wapi?"

"Kwenye hoteli ya chai. Iko ukutani kwangu, mistari kumi na nne."

"Na mota?"

"Kila dinamo ikiletwa hapa unaipa moto wa betri uone kama ni nzima. Inafanya nini?"

"Inazunguka."

"Ilishawahi kutoa moshi?"

Alinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani. Kesho yake alikuwa amekwisha kufunga dinamo, ile ya kuchajia betri ya lori, iwe ndiyo mota, pamoja na mkanda wa feni, na mimi nikaenda na tumbo langu kwa mzee wa hoteli.

"Mama, ukichukua betri, habari ya saa moja nitaisikia wapi?" akalalamika.

"Habari ni kwamba mama yangu anavuka mto. Nimeshakuambia. Lete."

Uchungu ulinishika kabla mume wangu na madereva hawajafika mtoni. Mama yake huyu mjukuu wangu alizaliwa alfajiri, mimi nikiwa na mkunga, mashua ikiwa juu ya lori njiani. Kwa hiyo haya mengine aliniambia mume wangu, na kila alipoyasimulia alicheka upya.

Mto ulikuwa umetapakaa, umetanda nje ya kingo, hauna haraka ila ni mpana, na mamba wako ndani. Aliuvuka akiwa peke yake kwanza. Dinamo ikazunguka polepole, bila kelele, mpaka ng'ambo. Ndipo shida nyingine ikaja. Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawaongei ovyo. Ni heshima. Na mashua ilibeba watu wawili, goti kwa goti.

Mama, aliyekuwa huko akingoja maji yapungue, akasimama ukingoni na kibuyu chake cha maziwa ya ngamia, shuka limefunika uso. Akaiangalia ile betri. Kisha akapanda, akageuka nyuma, akakaa mgongo kwa mgongo na mkwe wake, betri katikati yao. Akaanza kuongea na betri.

"Wewe betri, mwambie huyo mtu aende polepole."

Mume wangu akajibu, "Betri, mwambie mama hii ndiyo mbio yake yote."

"Betri, muulize kama binti yangu amezaa."

"Betri, mwambie niliondoka akiwa bado."

Mama akavuta shuka, akayatazama maji hadi katikati ya mto. Kisha akasema, "Betri, basi mwambie aongeze kidogo."

Haikuzima. Mama alifika nyumbani jioni, miguu ina matope mpaka magotini. Wifi yangu alikuwa ameshaanza kupika uji. Mama akamwondoa jikoni kwa mkono mmoja, akanawa, akaja akamchukua mtoto kabla hata hajanisalimia. Nikageukia ukuta nikalala. Siku arobaini sikuangalia mlango.

Zilipoisha, mvua ilikuwa imekatika. Mto ulifika chini ya goti, kondoo walivuka wenyewe. Mume wangu akasema atampeleka mama kwa lori mpaka ukingoni, avuke kwa miguu.

Mama akakataa. Akasema amekuja kwa mashua, atarudi kwa mashua. Basi mzee wa hoteli akakosa habari zake tena, mapipa yakapakiwa, nami nikaenda na mtoto mgongoni kutazama. Mashua ilikwaruza mchanga njia nzima. Mume wangu alishuka akaisukuma kutoka nyuma, suruali imekunjwa, macho yake chini kama inavyotakiwa, na mama amekaa juu, kibuyu mapajani, mkono juu ya betri.

Kabla hawajafika ng'ambo nilimsikia.

"Betri, mwambie huyo mtu mtoto amefanana na yeye. Na mwambie masikio, namshukuru Mungu, ni ya kwetu."